Mwaka Niliokata Majina

Papa Bisimwa aliingia studio na kofia mkononi, mvua ikimtiririka mabegani, akasema shida yake kabla ya kukaa. Familia imekubaliana kutosha kilio cha mtoto wake Nsimire, kuondoa matanga kabisa, na yeye anataka wimbo wenye jina la mtoto ndani, sawa na watu wote. Tonton Mugisho, mwenye studio, alinitazama mimi. Mimi nikatazama nyaya chini ya meza. Yaya Nsimire, dada mkubwa wa studio yetu, ndiye aliyekuwa akituimbia majina ya wafu. Wakati wake, kila jina lililotoka katika chumba kile lilitoka kinywani mwake, na sasa wa kuitwa alikuwa yeye, na hakuna mtu aliyeona mwili wake, na mimi moyoni nilikuwa bado namweka mahali fulani ambapo hakuna mtandao.

Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza humanités, sekondari yetu, na nyumbani wanafikiri ninaumwa jino kwa sababu sijasema chochote tangu siku ile ya kilio. Kusema sikuwahi kujua. Kuandika najua kidogo. Kwa hiyo nitaandika ule mwaka nilipokuwa na kumi na sita, darasa la tano la sekondari, mwaka ambao vita ilifika karibu nasi, shule zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena, mpaka Maman akachoka kuniona nimekaa jikoni nikiangalia sufuria. "Enda kwa Tonton Mugisho ukakalie kiti yake," aliniambia. "Hii yangu umeshaichokesha." Nikaenda. Nilimkuta Yaya Nsimire amekaa juu ya spika, anakula viazi vitamu kutoka kwenye gazeti, na bila kuniuliza jina alinipa kimoja, kile kidogo kilichoungua upande mmoja.

Studio ilikuwa nyuma ya saluni ya nywele, Bagira, pale barabara inapoanza kushuka kuelekea Kasha. Chumba kimoja tu. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai kuanzia chini hadi juu, na pale trei zilipoisha Tonton alipigilia vipande vya godoro. Dirisha lilizibwa kwa blanketi la kijeshi. Ukiingia, masikio yalihisi kama yametiwa pamba, na baada ya muda ulianza kusikia tumbo lako mwenyewe. Harufu ya dawa za nywele ilipenya hata kwenye trei. Wanawake wa saluni walikuwa wanacheka upande wa pili, na kila mara kabla ya kurekodi Yaya Nsimire aligonga ukuta kwa kiatu. Wananyamaza. Halafu mmoja anauliza kwa sauti ya chini, nasi tunamsikia vizuri kabisa: "Leo nani amekufa?"

Kazi yetu ilikuwa hii. Kwaya ya parokia ilikuwa imerekodi wimbo wa kuaga, mzuri, wenye sauti nne na ngoma moja. Katika ubeti wa pili ngoma inanyamaza, kwaya inanyamaza, panabaki nafasi ndogo, halafu sauti zote zinarudi pamoja. Katika nafasi ile tulitia jina la marehemu, likiimbwa na sauti moja ya mwanamke. Familia iliondoka na wimbo kwenye flash, ikaupiga siku ya kuondoa matanga, na jina lilipopita watu walisimama. Nilikuwa nimekulia kwenye vilio vya namna hiyo, nimesimama na wenzangu, bila kujua kwamba lile jina limekatwa na mtu, likabebwa, likatiwa pale kama kifungo kwenye shati.

Kubeba ndiko kulikonipa kazi. Tonton alikuwa na programu mbili ndani ya kompyuta moja, na zile programu hazikuwa zinaongea moja na nyingine. Ya zamani tuliiita Mutama, yaani mzee. Ndiyo iliyojua kusikia mikro, kipaza sauti chetu, na Tonton hakuiamini nyingine kwa kurekodi. Ya pili tuliiita Mugeni, kwa kuwa ililetwa na shemeji yake kutoka Bujumbura, na humo ndimo wimbo wa kwaya ulimokaa, kila sauti kwenye mstari wake. Siku ya kwanza nilifanya kile ambacho kila mtu angefanya. Nilichagua jina katika Mutama, likawa la buluu kwenye skrini, nikanakili, nikaenda kwa Mugeni, nikabandika. Hakuna kilichotokea. Nikabandika tena. Tonton alikuwa nyuma yangu anakula mandazi. "Unamupa Mugeni chakula na hana mukono," akasema. "Ile unayonakili inakaaka mule mule kwa Mutama. Inatakiwa uitoshe inje kwanza." Akanionyesha: unachagua sehemu unayotaka, unaitoa peke yake kama faili, unaipa jina, halafu unakwenda kwa Mugeni na kumwambia aichukue. Ukikosea ukatoa yote badala ya ile sehemu uliyochagua, Mugeni anapokea kikohozi, kiti kinacholia, na wanawake wa saluni.

Na hata ukitoa vizuri, kulikuwa na jambo la kipimo. Mutama alihesabu sauti kwa kipimo chake na Mugeni kwa chake, na usipomwambia Mugeni abadilishe, yeye anaisoma haraka kuliko ilivyo. Sauti inatoka nyembamba, ya mtoto. Mara ya kwanza ilipotokea, familia ilikuwa pale pale kwenye benchi, wamekuja kuchukua wimbo wa babu yao, na babu aliitwa na sauti kama ya panya. Nilitaka kuingia chini ya meza. Mjane alicheka kwanza, akaziba mdomo, kisha akacheka tena mpaka machozi yakaja, na yalipokuja hayakuondoka. Yaya Nsimire akakaa karibu naye, akamshika goti. "Hata yeye angecheka," mjane alisema. "Alipendaka bintu bya kuharibika."

Yaya Nsimire alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa na maneno kuliko redio. Ninapojaribu kumkumbuka nakumbuka mambo aliyosema kati ya kuimba na kuimba, akiwa nyuma ya blanketi la pili tulilomtundikia, mikro ikiwa wazi. Kwamba viatu vyake vya Jumapili vinamchukia. Kwamba Papa yake anasinzia kanisani lakini anaamka sawasawa wakati wa sadaka, ili ajifanye alikuwa anasali. Kwamba kuna kijana wa Katana anayemwandikia ujumbe mrefu bila alama hata moja, mpaka ukimaliza kusoma unahema. Na mimi alinichokoza bila kupumzika. "Noella, weye unasemaka siku gani? Hata hawa nawaimbiaka banasema kukupita." Nilicheka tu, kwa pua. "Bo, amecheka. Tonton, andika, mutoto amecheka." Halafu ghafla: "Niko tayari." Na sauti iliyofuata haikuwa ya mtu aliyekuwa anatania. Alivuta pumzi, akaimba jina.

Hiyo pumzi alinikataza kuikata. Tonton alitaka jina lianze pale sauti inapoanza, safi, lakini Yaya alikuja kusimama nyuma yangu, akaweka kidole kwenye skrini, kwenye kile kivimbe kidogo kabla ya jina. "Anza kuchagua hapa. Ukitosha ile, anakuwa ameitwa na mashini." Tangu hapo nilianza pale.

Watu walikaa kwenye benchi wakabishana. Nadhani nilijifunza zaidi kutoka kwenye benchi lile kuliko darasani. Namkumbuka marehemu mmoja, kijana, na ndugu zake wanne. Mkubwa alitaka aimbwe "Ingénieur Zihalirwa". Dada yake akasema, "Ingénieur wa wapi? Alikuwa anatengenezaka maredio mu soko."

"Njo ingénieur ile."

"Na kule kwa Mungu atatengeneza redio gani?"

Wakaendelea hivyo, na mama yao alikuwa pembeni, ameshika mwavuli. Yaya Nsimire ndiye aliyemwuliza. "Maman, weye ulikuwa unamuitaka namna gani, chakula ikiiva?" Yule mama alifikiri. "Ziha," akasema. "Nilikuwa nasema tu Ziha." Yaya akaimba Ziha. Ndugu mkubwa aliondoka bila kuaga mtu, na siku mbili baadaye alirudi na mkungu wa ndizi akauweka mlangoni.

Majina yaliongezeka mwaka ule. Sitasema kwa nini, kila mtu hapa anajua. Zilikuwa siku ambazo benchi lilijaa na wengine walisubiri saluni, chini ya zile kofia za kukausha nywele. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Siku moja ulirudi kwa muda mfupi tu, Yaya Nsimire hakuwepo, na familia ilikuwa na haraka kwa sababu ilikuwa inahama mji. Marehemu aliitwa Furaha. Tonton alikuwa na Furaha tayari, tuliyomfanyia marehemu mwingine wiki kadhaa kabla. Akaichukua ile, akaitia, akawapa. Yaya alipojua alisimama katikati ya chumba na mkoba bado begani. "Ule Furaha nilimuimbia mama ya mapacha," alisema. "Uyu wa leo simujui. Umemuzika mu sanduku ya mwingine."

"Jina iko moja, sauti iko moja," Tonton akasema. "Weye unataka nini?"

"Jina ya mutu haiko shati, eti mukubwa akiacha mudogo anavaa. Mi namuimbiaka mutu. Ukiniambia nimuimbie Furaha, nauliza Furaha gani, alikuwa namna gani. Njo naimba." Akaondoka. Hakurudi mpaka Tonton alipotuma watu kuwatafuta wale waliohama, wakawakuta bado wanasubiri gari, na Yaya akamwimba yule Furaha wa pili upya. Baada ya hapo hatukuazima jina tena. Benchi likawa refu zaidi, na hakuna aliyelalamika, au walilalamika lakini walisubiri.

Kulikuwa na kanuni nyingine, ya Tonton, na hiyo hakuna aliyeipinga. Kompyuta ilikuwa imejaa. Kwa hiyo nikishachagua jina na kulitoa, nilifunga Mutama bila kuhifadhi. Faili la jina lilikwenda kwenye folda yake, na yote yaliyobaki, mazungumzo, majaribio, vicheko, yalikwenda yanakokwenda. Mutama alikuwa na adabu. Kila mara aliuliza kama ninataka kuhifadhi. Kila mara nilibofya hapana. Ilikuwa kazi, kama kutupa maganda.

Karibu na mwisho wa mvua walikuja watu watatu wa Katana, ndugu, wamevaa vitambaa sawa. Mama yao alikuwa mzee, amelima maisha yake yote, amefariki katika usingizi, kifo ambacho mwaka ule kilikuwa kama zawadi. Tonton aliuliza jina. "Nsimire," wakasema. Kwenye saluni mtu alisema "Yesu" polepole. Yaya Nsimire aliwatazama, kisha akatutazama sisi. "Basi leo njo siku yangu," akasema, na watoto wa marehemu walichelewa kuelewa, kisha wakaanza kuomba msamaha, kama vile wameiba kitu. Akawaambia wakae. Akawauliza mama yao alikuwa namna gani. Walisema alipenda kuongea na mbuzi. Walisema alikuwa anawapiga na baada ya kupiga anawakatia muwa. Aliuliza mengi kuliko kawaida, nikaona kwamba anachelewesha. Kisha akaingia nyuma ya blanketi. Aliimba mara moja. Kwa kawaida alirudia, hata kama ilikuwa nzuri, lakini safari hii alitoka, akavaa kaske masikioni, akasikiliza huku ameangalia trei za mayai, akaivua. "Inatosha," akasema. "Usinirudishe." Nilichagua kuanzia kwenye pumzi, nikatoa, nikaandika Nsimire. Mutama akauliza kama nataka kuhifadhi.

Kiangazi kilipoanza alikwenda Bunyakiri kumwona bibi yake, aliyekuwa anaumwa miguu na hakuna mtu wa kumleta hapa. Tulimkataza sote. Wanawake wa saluni walimkataza, mmoja hata alificha mkoba wake kwa mchezo. "Nakaa kule Jumapili moja tu," alisema. Mimi alinigonga kichwani kwa kidole kimoja. "Nikirudi nikute umesema. Hata na Tonton, hata matusi." Gari lao lilisimamishwa kwenye barabara ya Hombo. Dereva peke yake ndiye aliyerudi, na dereva aliiambia familia kitu kimoja, akawaambia watu wa soko kitu kingine, halafu akahama. Papa Bisimwa alikwenda Katana kuuliza hospitalini, alikwenda kwa mapadri, alikwenda mpaka pale ambapo barabara hairuhusu. Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Bibi wa Bunyakiri alituma ujumbe kwamba bado anasubiri, amemwekea mjukuu maharage mabichi, je, atafika lini.

Huo ndio mwaka. Shule zilifunguliwa tena na nikarudi darasani. Jioni nilikuja studio. Tonton alimpata msichana mwingine wa kwaya wa kuimba majina, anaimba vizuri, haulizi maswali. Benchi likapungua urefu kwa sababu kazi ilikwenda haraka.

Ndiyo maana mwezi uliopita, Papa Bisimwa alipoomba jina, Tonton alinitazama mimi kwanza. Yule msichana mpya alikuwa pale pale, alikuwa tayari ameshasimama. Papa alimwona. "Hapana, mutoto wangu, ukae," alimwambia kwa upole. "Niliambiwa iko sauti yake hapa. Nataka yeye ajiite."

"Iko," Tonton akasema. "Nsimire tuko naye tayari." Akafungua folda ya majina, ndefu, akashuka nayo, na pale lilipokuwa alisimamisha mshale.

Nilisema. Sijui ilitoka wapi, na ilitoka kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Ile iko ya mama wa Katana."

Tonton aligeuka. "Noella."

"Yaya alikataaka. Alisema jina haiazimwi." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, na sikujua jinsi watu wanavyoacha, nilimweleza Papa Bisimwa kila kitu: Furaha wawili, sanduku la mwingine, shati, mbuzi wa yule mama, na kwamba Yaya aliimba mara moja tu na kusema asirudishwe. Na mwishoni nilisema lile lililokuwa chini ya yote. "Na tena, Papa, pengine hajakufa."

Alikaa. Kofia aliiweka gotini, akaigeuza, akaigeuza. "Mi pia nilikuwa nasema vile," alisema. "Nikiamka nasema pengine. Nikienda choo, pengine. Dada yangu wa Katana ananiambia: kaka, pengine itakuua, na weye tutakuzika na nani?" Akaipangusa maji ya mvua. "Alikuwa na maneno, mutoto yule. Anakukatalia na mukate mukononi. Kama angekuwa hapa angenigombeza. Lakini mi sina ingine. Mama wa Katana anisamehe, yeye alikuwa na watoto batatu wa kumulilia. Uitie."

Nikaketi kwenye kiti. Nilimfungua Mugeni, nikamwambia achukue lile faili, na kwa kumwangalia Papa badala ya skrini nilisahau kumwambia abadilishe kipimo. Nikapiga. Ndani ya chumba kile cha trei za mayai kikatoka kisauti chembamba, cha mtoto wa miaka saba, kikaita: Nsimire. Nilisimamisha mara moja. "Pole, Papa, si hivyo, nimekosa."

Papa Bisimwa alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye benchi. "Iyo ni yeye," alisema. "Iyo ni yeye wa primaire. Alikuwa ananiitaka kutoka kule juu kwa bomba ya maji. Rudisha." Nilirudisha. Akaomba tena. Tonton alikwenda kusimama mlangoni na mgongo wake kwetu. Kisha Papa akasema, "Sasa umukuze." Nikarekebisha kipimo, na alipoita safari hii alikuwa mtu mzima, na tulisikia pumzi kabla ya jina, na mzee aliinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza mlangoni.

"Na mbele ya hapa?" akauliza. "Mbele ya jina, alikuwa anasema nini?"

"Hakuna, Papa."

"Na nyuma yake? Amemaliza kuimba, anatoka, hasemi kitu? Yeye?"

"Alisema. Lakini hatukuweka. Tunawekaka jina tu."

Alitikisa kichwa polepole kuonyesha kwamba anaelewa kazi ya watu. Mwanawe alikuja katika chumba kile karibu kila siku, mikro ikiwa wazi, akaongea bila kukoma, juu ya viatu, juu ya kijana wa Katana, juu ya baba yake kusinzia kanisani, na baba alikuwa amekuja kuchukua hayo. Lile jina lilikuwa njia tu ya kuyaomba. Nikafikiri kumweleza mimi, neno kwa neno, ninayakumbuka. Lakini kinywani mwangu yalikuwa yamelala kama nguo za mtu mwingine, na alikuwa ameshasimama, anavaa kofia. "Bo," alisema. "Utie tu. Ni siku ya posho." Akatushika mkono sote watatu.

Jumamosi hiyo, siku ya posho, uani kwao Kasha kulikuwa na turubai la buluu, viti vya plastiki vya parokia, na mvua ndogo isiyoamua. Wanawake walikuwa wamepika bugali, maharage na samaki wadogo, sambaza, na jikoni walikuwa wanabishana kama chumvi imetiwa mara mbili. Hakukuwa na picha kubwa ya marehemu, kwa sababu zote alizopiga alikuwa anacheka na mjomba mkubwa alisema haifai. Nilikaa karibu na spika, pamoja na Tonton. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Bila mwili hivi, unalia wapi? Unaangalia fasi gani?" Mwenzake akajibu, "Ungoje wimbo. Wimbo ikifika utajua." Papa Bisimwa alikuwa kila mahali. Alipanga viti, alionja supu, alimpa padri taulo, alimwuliza kila mtu kama amekula. Kila alipopita karibu nasi alisema, "Bado?" na Tonton alijibu, "Bado, Papa, sala iishe kwanza."

Sala ikaisha, mjomba mkubwa akainua mkono, Tonton akapiga. Kwaya iliingia. Ubeti wa kwanza ulipita watu wakiwa wamekaa. Nilimtafuta Papa Bisimwa kwa macho nikamwona karibu na kiti chake, akiwa amesimama, mikono kifuani, tayari. Ndipo mtu akaita kutoka kwenye geti kwamba dada yake wa Katana amefika, gari liliharibika njiani, hawezi kupanda ile ngazi ya mawe peke yake. Aliangalia spika. Aliangalia geti. Ni mtu ambaye hawezi kumwacha mgeni kwenye mawe, na mgeni mzee, na mvua. Akatoka mbio.

Ngoma ilinyamaza, kwaya ikanyamaza, na Yaya Nsimire akavuta pumzi akajiita. Nilijua kila kipande cha sauti ile, nilijua urefu wake kwenye skrini, na bado ilinipiga. Watu wote walisimama kwa pamoja, viti vikalia. Yule mama nyuma yangu aliyeuliza aangalie wapi alianza kulia, na mwingine, na mwingine, na mimi nikajikuta nimesimama nao, kama mtu yeyote anayesimamia mfu. Pengine yangu yote iliisha pale. Sikuiona ikiondoka. Sauti nne zilirudi, wimbo ukaendelea mpaka mwisho, na vijana wakaanza kufungua kamba za turubai, kwa sababu ndivyo inavyofanyika: jina likishapita, panabomolewa, na hakuna anayelirudisha.

Papa Bisimwa aliingia amemshika dada yake mkono, polepole, hatua kwa hatua, matope kwenye viatu vya wote wawili. Aliona kamba. Aliona watu wamesimama. Akaja moja kwa moja kwangu, si kwa Tonton.

"Imeshapita?"

Tonton alikuwa bado ana kidole juu ya kibonyezo. Mjomba mkubwa alimwangalia, akatikisa kichwa, hapana, lisirudishwe. Nilitaka kusema kitu, na Yaya angetaka niseme, hata matusi. Niliitikia kwa kichwa tu, ndiyo.

Papa Bisimwa alibaki anaangalia spika. Kisha akageuka, akatafuta uani kote kwa macho, vijana walikuwa wanapanga viti kimoja juu ya kingine.

"Bo," akaniambia. "Mukimbilie shangazi kiti, bado hawajaviondosha vyote."